Kwa shoga yangu, kuhusu moyo wako

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Majibu yako ya eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, nimeyasoma, tena kwa utulivu, na nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu ungenikatiza: "Mbona siumwi popote?" Najua huumwi. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Angalia pale palipoandikwa ukuta wa ventrikali ya kushoto: milimita 14. Kwa mwanamke huwa kati ya 6 na 9. Ventrikali hiyo ndiyo chemba ya moyo inayosukuma damu mwili mzima, na kila inapojibana lazima ishinde presha iliyomo kwenye mishipa ndipo damu itoke. Presha ikikaa juu miaka nenda rudi, misuli yake hujaa kama bega la hamali wa bandarini. Seli zenyewe haziongezeki, ila kila moja inanenepa, na katikati yake hujengeka nyuzi ngumu za kovu.

Usije ukadhani moyo mnene ndio wenye nguvu. Shida huanza kwenye kupokea damu, kabla hata ya kusukuma. Ukuta mgumu haulegei vizuri, basi damu inayotoka mapafuni haiingii kwa raha, na mgandamizo unarudi nyuma hadi kwenye atria ya kushoto, chemba ya juu yake inayopokea damu ya mapafuni, kisha mapafuni kwenyewe. Ndiyo maana karatasi yako inasema moyo unasukuma asilimia 62 ya damu iliyojaa ventrikali kila unapopiga, kiwango kizuri kabisa, na bado unahema ukipanda ngazi za kwako. Ulisema ni unene. Mimi nadhani ni huo ukuta. Atria nayo ikitanuka inaweza kuanza kupiga ovyo, damu ikatuama humo, ikaganda, na bonge likapanda ubongoni. Viharusi vingine huanzia hapo. Tena misuli minene inataka oksijeni nyingi kuliko inayoletewa na mishipa yake midogo. Mzigo usipopunguzwa, kwa wengine moyo huchoka: chemba inatanuka, ile asilimia inashuka, miguu inavimba, na mtu hawezi tena kulala chali.

Kuna mgonjwa mmoja ninayemfikiria sana siku hizi: Franklin Roosevelt, rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimpima akakuta presha 186 kwa 108, moyo umekuwa mkubwa na umeanza kushindwa kazi. Walimpa dijitalisi, dawa ya zamani ya kuusaidia moyo kusukuma, wakampunguzia chumvi na sigara, wakamwambia apumzike. Dawa nzuri ya kushusha presha yenyewe haikuwepo. Februari 1945 alisafiri hadi Yalta kukutana na Churchill na Stalin, na tarehe 12 Aprili alishika kichwa akalalamika maumivu makali. Bruenn alimkuta na presha ya 300 kwa 190. Damu ilikuwa imevuja ubongoni, na siku hiyohiyo akafa, akiwa na miaka 63. Shoga yangu, yule mtu alikuwa na madaktari wa jeshi zima la majini. Kilichokosekana ni vidonge kama hivyo ulivyoviweka kabatini.

Unasema umeviacha kwa sababu presha imefika 128 kwa 80. Imefika hapo kwa kuwa ulikuwa unameza! Rudi kliniki, umweleze daktari kweli kwamba uliacha, na umuulize kama amlodipine, hiyo dawa yako ya presha, inakutosha peke yake. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo: amlodipine ikichanganywa na dawa ya pili ilishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio nayo. Muulize pia kuhusu losartan, dawa nyingine ya presha, kwani dawa za kundi lake zinasifika kwa kupunguza unene wa moyo. Na ukuta hupungua kweli, shoga. Presha ikitulia miezi na miaka, misuli inarudi nyuma, hata kama si yote. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika humu.

Diklofenaki unayomeza kwa ajili ya goti nayo itaje kwa daktari, maana inapandisha presha. Kuhusu chumvi, kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Ng'onda na achari vinaweza kukimaliza kabla hujagusa kopo la jikoni. Sikukatazi kila kitu, lakini ng'onda mwache kwanza.

Nenda Jumatatu, usisubiri mwisho wa mwezi. Wakishakupima nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini, na majina ya dawa walizokuandikia. Nauli ikiwa ndiyo tatizo niambie leo, nitakutumia.

Wako akupendaye,
shoga yako wa tangu shuleni