Mwalimu, soko halisahihishi insha

Ilala, Dar es Salaam

Mwalimu wangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wa nyumbani. Huku sote wazima, joto ni lile lile na foleni ni ile ile.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu. Yaani umeingizwa kwenye kundi la watu wa foreksi, hao wanaobashiri kupanda na kushuka kwa fedha za kigeni, ukamkuta anayesifiwa kuliko wote anaandika "asara" na "lahisi", nawe ukakosa usingizi kwa ajili ya hiyo h badala ya kuwaza fedha. Nakujua. Sasa unaniuliza mimi niliyezeekea kwenye ofisi ya dalali wa hisa kama mtu asiyejali tahajia anaweza kweli kutengeneza faida, au picha za faida anazorusha ni za kubumba.

Za kubumba zinaweza kuwa, ila tahajia siyo itakayokuambia. Tuna mteja wetu mmoja, mzee wa biashara ya nafaka. Herufi zake hupanda na kushuka kama zimelewa, na majina ya kampuni huyakosea kila akija. Lakini akifika kwenye namba anapunguza mwendo. Anaandika idadi ya hisa kwa tarakimu, halafu kwa maneno, anaweka kidole chini ya bei na kuisoma kwa sauti, ndipo anatia sahihi. Tunao pia wasomi wanaotuletea barua pepe safi, koma kila mahali, wakasahau kusema kama wanataka kununua au kuuza. Hao ndio wanaotuchosha.

Ukitaka herufi yenye thamani, tazama orodha ya Soko la Hisa la Dar es Salaam. TCC ni kampuni ya sigara. TCCL ni saruji ya Tanga, kwenu huko. Ni L moja tu, na mtu aliyetaka saruji anaondoka na tumbaku. Usidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2020, dunia nzima ilipojifungia ndani ikikutana kwa Zoom, watu walikimbilia hisa zenye alama ya ZOOM. Kumbe hiyo ilikuwa kampuni nyingine kabisa, Zoom Technologies, na waliyokuwa wakiitafuta alama yake ni ZM. Bei ya ile isiyohusika ikapaa, mpaka Machi mwaka huo wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani wakasimamisha biashara yake kwa muda. Na hao wanunuzi jina walikuwa wameliandika sawasawa!

Kubwa zaidi ni la Tokyo. Tarehe 8 Desemba 2005 kampuni iitwayo J-Com iliingia sokoni kwa mara ya kwanza. Mtu wa kampuni ya udalali ya Mizuho Securities alitakiwa kuuza hisa 1 kwa yeni 610,000. Akaingiza hisa 610,000 kwa yeni 1. Hisa zote za J-Com zilizokuwepo duniani hazikufika hata 15,000, kwa hiyo alikuwa akiuza zaidi ya mara arobaini ya kitu chenyewe. Kompyuta ilimtolea onyo, akalipita. Walipojaribu kufuta oda, mfumo wa soko nao ulikuwa na hitilafu, ukagoma. Hasara ilizidi yeni bilioni 40, na mkuu wa soko hilo alijiuzulu mwezi huo huo. Hebu iangalie hiyo oda kwa jicho lako la mwalimu. Hakuna kosa la tahajia hata moja. Namba zote mbili ni halali, ila kila moja imekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Nikutendee haki lakini, maana nakusikia ukinong'ona. Februari 2016, wezi wa mtandaoni walipoivamia akaunti ya Benki Kuu ya Bangladesh iliyoko New York, ombi moja la dola milioni 20 lilikwama kwa sababu neno la Kiingereza "foundation" waliliandika "fandation", na benki iliyokuwa njiani ikauliza. Hapo tahajia ilishika mwizi shati. Ila baadhi ya maombi yao mengine yalipita, na dola milioni 81 zikatua Ufilipino.

Kwa hiyo anayerudia kusoma kabla ya kubonyeza ana faida kuliko asiyerudia, na hapo mimi na wewe hatugombani. Ninachokuhofia wewe ni kingine. Sarufi inakujibu papo hapo, na jibu lake halibadiliki: kiambishi ni hiki, si kile, na jana kilikuwa hiki hiki. Soko halina tabia hiyo. Unaweza kufanya kila kitu kama inavyotakiwa, ukapoteza. Mwenzako akabahatisha gizani, akavuna, na kesho akarudia uchizi ule ule kwa kuwa ulimlipa. Mtu aliyezoea kuwa sahihi akiona bei inamwendea kinyume, haondoki. Anaongeza fedha, anasubiri bei ikiri kosa lake. Nimewaona hao ofisini wakishikilia hisa zinazooza, wakinieleza kwa Kiswahili fasaha kabisa kwa nini soko limekosea. Huyo wako wa "asara" huenda ana jambo moja tu analolijua: akifika kwenye kikomo cha hasara alichojiwekea, anafunga, analala.

Na sijasema anapata. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya kubashiri bei, foreksi ikiwemo, hupoteza fedha. Wote hao hawawezi kuwa wameshindwa imla.

Sasa hili la yule mwingine, anayekuuzia signali, yaani vidokezo vya lini ununue na lini uuze, kwa elfu hamsini kwa mwezi, ambaye unamwamini kwa kuwa "anaandika kama mtu aliyesoma". Siku hizi programu ya simu inamwandikia yeyote aya isiyo na doa kwa sekunde chache. Muombe taarifa ya akaunti yake ya miezi kumi na miwili, kutoka kwa dalali mwenye leseni, yenye siku za kupoteza na siku za kupata. Akikuletea picha za skrini tu, au akianza kukuita "familia", toka humo kwenye kundi. Akikuletea taarifa yenyewe, usilipe kwanza. Nitumie niipitie jioni moja, kisha nikupigie.

Msalimie shemeji, na ule mfuko wa mkaa aliouahidi bado naungojea.

Wako,
yule yule wa dawati la nyuma