Malalamiko: Povu Mlilouza la Majini Limekunywa Maji

Nyali, Mombasa
17 Februari 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Resini na Vifaa vya Faiba,
Mombasa.

Bwana/Bi,

KUH: POVU LA GALONI MBILI NILILOUZIWA TAREHE 6 SEPTEMBA 2024

Nimenunua kwenu resini, msasa na kitambaa cha faiba kwa miaka mingi na sijawahi kurudisha hata brashi. Leo nataka kurudisha povu, lile linalojazwa ndani ya bodi ya chombo ili kielee. Ningelirudisha lote, ila sehemu yake imefungiwa ndani ya chombo changu, chini ya faiba niliyoilaza kwa mikono yangu, na kulitoa humo ni kazi ya grinda.

Chombo chenyewe ni jeti ski ya kusimama, Yamaha SuperJet ya mwaka 2008, iliyokuja mtumba kutoka Dubai. Si zile za kukalia zinazobeba watalii wawili wawili ufuoni. Hii haina kiti. Mtu huanza kwa kulala kifudifudi, akapiga magoti, ndipo asimame huku ameshika mpini mmoja mrefu. Urefu wake ni mita 2.24 tu, na uzito wake kiwandani ni kilo 139, kwa hiyo kilo kumi zikizidi upande wa tezi, yaani nyuma, unazihisi kabla hujasimama. Hiyo ndiyo ninayofundishia vijana na wageni, na riziki yangu kubwa hupatikana Desemba na Januari.

Nilipoinunua, povu la chini ya sakafu ya kusimamia lilikuwa limeshiba maji, jambo ambalo si ajabu kwa chombo cha miaka 16. Nikatoa injini, tangi na pampu, nikaikata sakafu, nikalichimba povu kwa patasi, ndoo baada ya ndoo, nyingine zikichuruzika kama dafu lililotobolewa. Bodi nikaiacha wazi kivulini wiki tatu ikauke. Kule omo, yaani mbele, nilikuta povu la kiwandani lingali kavu kabisa. Sikulitoa, ila nilikata kipande nikakiweka, na nashukuru nilikiweka.

Nilipokuja dukani nilimweleza kijana wenu wa kaunta, bila kumung'unya maneno, kwamba nataka povu la poliyurethani la kumimina, la seli zilizofungwa (vijishimo vyake vimezibwa, maji hayapenyi), lenye uzito wa takriban kilo 32 kwa mita moja ya ujazo, kwa sababu linakwenda ndani ya chombo cha baharini. Akaniletea galoni mbili, yaani vidumu viwili vya vimiminika A na B vinavyofura vikichanganywa, kilo tatu kwa jumla, kila moja ina stika yenu nyeupe iliyoandikwa "povu la vyombo vya majini". Nikalipa shilingi 8,400. Risiti nimeiambatisha.

Nafasi ya kujaza niliikadiria lita 90 hivi, kwa hiyo kilo tatu zingetosha barabara. Tarehe 28 Septemba nikachanganya A na B sawa kwa sawa kwa ujazo, kama karatasi yenu inavyoelekeza, nikamimina kidogo kidogo. Lilifura kupita nilivyowahi kuona. Nusu ya galoni haijaisha, povu limeshatokeza kwenye matundu yote niliyoyaacha. Nami, kwa ujinga, nikafurahi kwamba nimelipia kidogo nikapata kingi. Siku ya pili nikalibonyeza kwa dole gumba, likabonyea na kurudi kama boflo la moto. Hapo ndipo nilipokosa. Nilidhani halijakomaa, nikaliachia siku mbili zaidi kisha nikafunga.

Kufunga kwenyewe nilikufanya kama inavyopaswa. Bodi hizi hukandamizwa ndani ya kalibu kiwandani, na resini ya poliesta haizishiki vizuri, basi nilitumia epoksi. Kingo nilizisaga zikatelemka kwa upana wa sentimita tano, nikalaza kitambaa tabaka tatu, kila moja ikiipita iliyotangulia. Epoksi nayo ilitoka dukani kwenu, na sina neno nayo. Imeshika mno. Ndiyo maana kuifungua tena kutaniuma.

Kabla ya kuishusha baharini niliipima kwenye mizani ya magunia sokoni Kongowea: kilo 140, bila petroli. Wiki ya tatu ya Novemba ikaanza kuchelewa kuinuka. Tarehe 14 Desemba mwanafunzi wangu alianguka mbele ya mwamba, na kila akijaribu kupanda tezi inazama, mpini unaangalia mbinguni. Aling'ang'ana hadi akachoka. Wavuvi wa mtumbwi wakamvuta yeye na chombo. Nilipoirudisha Kongowea, baada ya kuichuruza usiku kucha, ilipima kilo 171.

Kijana wenu alinijibu kwa WhatsApp kwamba nilichanganya vibaya, na kwamba maji yaliingia kwa sababu ya matundu niliyotoboa. Nianze na matundu. Chombo chochote chenye bolti za pampu na miguu ya mtu juu yake kitapitisha maji siku moja, na mafundi wote wa pwani wanalijua hilo. Povu la seli zilizofungwa huwekwa kwa sababu hiyo hasa: maji yakifika yasipate pa kukaa. Lita moja ya povu hilo hukibebea chombo karibu kilo nzima hata bodi ikipasuka. Povu linalokunywa maji ni sponji, na kuliko sponji ndani ya chombo, afadhali nafasi tupu, maana nafasi tupu unaweza kuikumba maji.

Kuhusu kuchanganya, tarehe 8 Januari nilikuja dukani na kilo moja na nusu iliyobaki. Huyo huyo kijana akachanganya kwa mikono yake. Nikakata mchemraba wa sentimita kumi kila upande, nikaupima: gramu 15. Kipande cha kiwandani cha ukubwa huo huo: gramu 37. Nyumbani nikavizamisha vyote viwili kwenye ndoo ya maji ya bahari, jiwe juu. Asubuhi cha kiwandani kilikuwa gramu 45. Chenu, gramu 610.

Kisha nikaibandua stika. Ilikuwa imeinuka pembeni kwa unyevu, nikaivuta kwa ukucha. Chini yake kuna lebo ya mtengenezaji, imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hilo ni povu la kuhami kuta na dari za nyumba, na lisitumike mahali penye maji. Picha nimeziambatisha, ya stika na ya lebo. Sitaki kubahatisha nani aliibandika, lakini ni stika ya duka lenu.

Ninachodai ni shilingi 8,400 za povu, 21,500 za epoksi na kitambaa cha kufungia upya, na 12,000 za fundi wa kunisaidia kukata na kuchimba. Jumla 41,900. Desemba yangu iliyopotea sijaiweka hapo. Pia nataka galoni zote zenye stika hiyo ziondolewe rafuni, na waliozinunua wapigiwe simu. Nilipokuwa kaunta Septemba, mzee mmoja alichukua galoni nne za kujazia viti vya mashua yake ya faiba. Mimi hubaki karibu na ufuo na nimevaa jaketi. Yeye hulala Bahari Kuu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka muuzaji aliyeelezwa matumizi ya kitu auze kinachofaa kwa matumizi hayo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpa mteja maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na nakala nitaipeleka Mamlaka ya Ushindani, inayoshughulikia pia malalamiko ya watumiaji.

Galoni zilizobaki, stika niliyoibandua na mchemraba wenyewe ninavyo. Mkitaka kumtuma mtu aje kuona bodi ikifunguliwa, fundi anaanza kukata Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Aje na maski.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu, mwenye risiti iliyoambatishwa