Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mashua za tanga,

Nawashukuru mliofika. Niliwahesabu mara mbili nikidhani nimeruka safu: tuko 11, mimi na katibu tukiwemo. Akidi haijatimia. Katiba yetu inaruhusu taarifa isomwe bila akidi, ila kura haipigwi, na naomba jambo hilo likumbukwe tutakapofika kwenye shindano la mwisho.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Milingoti ilipakwa vanishi. Mashua mbili zilizokuwa zikivuja zilijazwa maji siku tatu, mbao zikavimba na kujiziba zenyewe. Mafunzo ya vijana yalifanyika. Vanishi niliilipia mimi, kiasi sikitaji. Mashindano yaliyopangwa ni 14. Yaliyofanyika 9, yaliyofutwa kwa shwari 3, na 2 hayakuanza kwa sababu vyombo vilivyofika havikuzidi viwili.

Sasa hilo shindano la mwisho. Yanayosemwa gatini, kwamba nililifuta ili kumpendelea mpwa wangu, yananifikia, ingawa anayenieleza usoni ni mmoja tu, na kwa hilo namheshimu.

Tulianza kwa upepo mwembamba, wa kubabaisha, wa kukuita kulia ukienda unakuta umehamia kushoto. Kufikia boya la pili ulikuwa umegeuka karibu robo duara, hata sehemu ya kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kugeukageuka kulia na kushoto, ikawa ya kwenda moja kwa moja: aliyetangulia akatangulia, wa nyuma hana pa kumpitia. Kisha ukafa. Muda uliowekwa ulikuwa dakika 90. Dakika ya 78 nilipandisha bendera ya N na kupuliza honi mara tatu, yaani shindano limefutwa. Chombo kilichoongoza kilibakiza kama mita 150 kufika mstari wa mwisho.

Mwanachama mmoja amepiga hesabu: chombo kikienda nusu maili ya baharini kwa saa kinakata mita 15 kwa dakika, basi mita 150 ni dakika 10, na zilibaki 12. Hesabu yake ni sahihi. Lakini yeye alikuwa ufukoni na mimi nilikuwa kwenye chombo cha kamati. Niliona kijiuzi cha sufu kilichofungwa kwenye kamba ya mlingoti kimening'inia wima. Niliona nahodha wa chombo kilichoongoza amehamia upande wa demani, yaani upande unakoelekea upepo, amejikunja kama anayetafuta sindano, ili chombo kilale kidogo na tanga lishuke kwa uzito wake lipate tumbo, maana upepo wa kulijaza haukuwapo. Foromali, ile boriti inayobeba tanga, ilikuwa ikigonga mlingoti, ko, ko. Na boya alilolizunguka nusu saa nyuma, badala ya kuachwa, lilikuwa likimkaribia. Maji yalikuwa yanamrudisha! Kanuni ya 32 ya mashindano ya matanga inairuhusu kamati kufuta shindano upepo ukiwa haba kiasi cha kutotarajiwa chombo chochote kumaliza ndani ya muda. Hakuna aliyekuwa amemaliza. Ningengoja nini?

Wapo wanaosema ningefupisha safari mapema, pale boya la pili, kwa bendera ya S. Ni hoja nzuri. Bendera ya S siku hiyo haikuwamo chomboni. Sanduku la bendera lilikuwa chini ya uangalizi wangu na suala hilo limeshughulikiwa.

Kuhusu mpwa wangu. Ni kweli alikuwa wa mwisho, na ni kweli kwamba kufutwa kwa shindano kumemwacha akiongoza msimu kwa pointi 1. Alikwenda kushoto peke yake akifuata weusi wa upepo aliouona juu ya maji, ukafa kabla haujamfikia. Ningetaka kumpendelea ningemwambia abaki kulia na wenzake. Wala sikusema neno juu ya mmoja wa wanaolalamika, aliyebisha mara 9 ndani ya dakika 10 huku akikitikisa chombo kama kitanda cha kubembelezea mtoto mchanga. Kanuni ya 42 inakataza kujisukuma hivyo. Niliona, nikanyamaza.

Mashua hizi zetu za futi 12, alizozichora George Cockshott zaidi ya miaka 100 iliyopita, zilikuwamo kwenye Olimpiki ya 1920. Mbio zilianzia Ostend, Ubelgiji, boya likahama mahali pake, zikasitishwa. Na kwa kuwa vyombo vyote viwili vilivyoshiriki vilikuwa vya Uholanzi, zikaenda kumaliziwa huko kwao. Ikiwa Olimpiki ilivumilia hilo, nadhani chama chetu kinaweza kuvumilia dakika 12.

Ada. Wanachama ni 38. Waliolipa yote 15, waliolipa nusu 6, wasiolipa kitu 17. Katika hao 17, wanane wameweka saini kwenye barua ya malalamiko dhidi yangu. Nimeisoma. Imeandikwa vizuri. Siku ya kusafisha gati, tangazo lilitoka wiki tatu kabla. Tulifika watu 4, mmoja wao alikuja kuchukua kamba yake.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata maboya mapya, kuongeza vijana, na kuangalia uwezekano wa kuanza mashindano mapema asubuhi kabla upepo haujachoka. Kamati itakaa.

Kikombe cha msimu hakijakabidhiwa kwa mtu. Kiko nyumbani kwangu, kwa usalama tu, hadi rufaa isikilizwe. Anayetaka kukiona anakaribishwa siku yoyote jioni, aje na stakabadhi ya ada.

Mwenyekiti