Lango la mto Thames si dawa ya mafuriko ya Kahe

Ndugu Mhariri,

Kila masika maji yanapoingia majumbani Mabogini na Kahe, huku tambarare za Moshi chini ya Kilimanjaro, husikika pendekezo la kujenga lango kubwa mtoni kama lile la mto Thames, London. Nalima mpunga huku tambarare na mafuriko hayo yananihusu, lakini naomba fedha zisiende huko.

Lango la Thames linazuia bahari. Usiku wa Januari 31, 1953, dhoruba iliisukuma Bahari ya Kaskazini hadi nchi kavu wakati wa bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita siku nyingine. Uingereza walikufa watu zaidi ya 300, Uholanzi zaidi ya 1,800. Ndipo likajengwa lango hilo, likakamilika mwaka 1982: mita 520 toka ukingo hadi ukingo, milango 10 ya chuma. Dhoruba ikitabiriwa hufungwa mapema, maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu mto wenyewe hauachi kutiririka na lazima upate pa kujaa mpaka bahari ishuke.

Maji yetu yanateremka Kilimanjaro kwa mito kama Rau na Njoro, kwa kasi, yakibeba mchanga na magogo. Ukiyafungia lango, umemzamisha aliye juu yake. Lango la namna hiyo labda lijadiliwe Pangani mjini, ambako maji haya hatimaye hukutana na bahari na chumvi hupanda mtoni.

Huku mto unataka nafasi. Mchanga uzolewe kabla ya Machi, si baada ya mazishi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na sisi wakulima tunalima hadi ukingoni kwa kuwa ardhi ni finyu. Naiomba Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye ofisi hapa hapa Moshi, iweke vigingi na kukaa na wanavijiji kabla ya kumng'olea mtu migomba yake.

Jambo moja la London nalitamani sana. Kila mwezi milango ile hufungwa kwa majaribio, hata bahari ikiwa shwari. Nasi mifereji na makalavati yakaguliwe kila mwezi, na kila kijiji kiwe na mtu anayejulikana kwa kazi hiyo. Huyo ndiye apigiwe simu kutoka Uru na Old Moshi mvua inapozidi huko juu, maana huku chini maji yanaweza kutufikia jua likiwa linawaka.

Mkulima,
Mabogini, Moshi