Kitufe cha kugeuza hakisafishi kitabu

Ujumbe tunaoupokea mara nyingi zaidi ofisini kwetu ni huu: "Kitabu changu tayari kipo kwenye tovuti, sura kwa sura. Nataka tu mnigeuzie kiwe kitabu pepe." Shida yote imejificha kwenye hilo "tu". Kugeuza kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Ukiwa na Calibre, programu ya bure, unaingiza faili ya HTML (lugha inayoandikiwa kurasa za tovuti), unachagua EPUB, muundo wa kitabu pepe, unabonyeza kitufe, basi. Kinachokula siku ni kwamba kitabu kilichokaa kwenye tovuti huwa kimeota vitu vingi ambavyo si kitabu.

Tulilijua hilo kwa kuaibika. Kitabu cha kwanza tulichomgeuzia mteja kilipendeza sana kwenye kompyuta yetu. Mwenyewe alipokifungua kwenye simu, kila sura ilianza na menyu ya tovuti: Mwanzo, Kuhusu, Wasiliana Nasi. Kila sura iliishia na kitufe cha "Sura inayofuata", ambacho ukikigusa kinakutoa kitabuni na kukurudisha mtandaoni. Maandishi nayo yalikuwa yamekatika upande wa kulia, kwa sababu upana wa ukurasa ulifungwa kwenye pikseli 960. Tulianza upya kwa gharama zetu. Tangu siku hiyo hatukigusi kile kitufe kabla ya kufagia.

Ukitaka kujifunza kazi hii mwenyewe, anza kwa kukipasua kitabu kimoja cha EPUB uone tumbo lake. EPUB ni faili ya ZIP, yaani furushi la faili zilizobanwa pamoja, iliyovaa jina jingine. Chukua nakala yake, badilisha mwisho wa jina kutoka .epub kuwa .zip, kisha ifungue. Utakuta kurasa za XHTML (HTML yenye kanuni kali zaidi), picha, faili ya CSS ya mitindo, na faili chache za usimamizi. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile inayoishia na .opf, ambayo ni kama daftari la msimamizi: ina jina la kitabu, mwandishi, lugha, orodha ya kila faili iliyomo, na utaratibu wa kusoma, ipi ianze na ipi ifuate. Kwa kifupi, kitabu pepe ni tovuti ndogo iliyofungwa kwenye bahasha. Ndiyo maana mteja akituletea kitabu hichohicho kwa PDF na kwa HTML, tunachukua HTML bila kusita. PDF inajua herufi ikae wapi kwenye karatasi, lakini mara nyingi haijui aya inaanzia wapi.

Angalizo moja hapa, maana wengi hukwama. Ukishaipasua ile bahasha, usiifunge tena kwa njia ya kawaida ya kubana folda. Ndani kuna faili ndogo iitwayo mimetype ambayo lazima iwe ya kwanza na isibanwe kabisa. Tumia Sigil, programu ya kuhariri EPUB, au kihariri kilichomo ndani ya Calibre. Vyote viwili hulitunza jambo hilo bila wewe kulifikiria.

Sasa kufagia. Ondoa menyu, matangazo, vitufe vya kushirikisha wengine, sehemu za maoni na JavaScript, zile programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa. Hiyo ni kazi ya kuchosha, si ngumu. Ugumu uko kwenye vichwa vya sura. Waandishi wengi hukikuza kichwa na kukikoleza wino, wakaona kimetosha. Jicho linaona kichwa, ila programu inaona aya yenye herufi nene. Kila kichwa cha sura kinatakiwa kiwe kwenye tagi (alama ya HTML) ya h1, na vichwa vidogo kwenye h2, kwa sababu orodha ya yaliyomo hujengwa kutokana na tagi hizo.

Na hapa kuna mtego unaotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Calibre, usipoibadilishia mipangilio, hutambua sura kwa kutafuta ndani ya h1 na h2 maneno ya Kiingereza yenye maana ya sura, kitabu au sehemu. "Sura ya Kwanza" kwake si kitu. Umepanga vichwa vyako vizuri, umegeuza, halafu sura zako hazionekani kwenye yaliyomo, nawe unajilaumu bure. Nenda kwenye mipangilio ya kutambua muundo, futa yale maelezo marefu yaliyopo, andika //h:h1 peke yake. Kila h1 itatambuliwa kuwa sura. Andika hivyo hivyo kwenye ngazi ya kwanza ya mipangilio ya yaliyomo.

Mtego wa pili ni ng'ombe. Ukifungua kitabu ukakuta "ngâ€™ombe", si virusi. Faili ilihifadhiwa kwa UTF-8, mojawapo ya usimbaji (namna kompyuta inavyoandika herufi kwa namba), ikasomwa kwa usimbaji mwingine, na ile alama ya ritifaa iliyopinda ikageuka kuwa takataka tatu. Kwa kuwa sisi tunaandika ng'oa, ng'ara na ng'ambo kila mara, kosa hili hutuumbua kuliko wengine. Hifadhi faili zote kwa UTF-8 na utaje usimbaji huo juu ya kila ukurasa. Ukiwa hapo, hakikisha lugha ya kitabu imeandikwa sw, kwenye .opf na kwenye kurasa zenyewe. Ikiachwa en, simu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona itayatamka maneno yako Kiingereza, na hakuna atakayevumilia hata ukurasa mmoja.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wateja: "Mbona kwenye kivinjari inafunguka vizuri?" Kivinjari ni mpole, kinasamehe. Usipofunga tagi, kinakufungia. XHTML haina huruma hiyo. Kila tagi iliyofunguliwa lazima ifungwe, alama ya & iandikwe &, na ile   (nafasi isiyokatika) tuliyoizoea iandikwe  . Kosa moja laweza kufanya sura nzima igome kufunguka. Pitisha kitabu kwenye EPUBCheck, ni programu ya bure, itakutajia faili na mstari wenye kosa. Usiogope ikikuletea makosa mia mbili. Mara nyingi ukirekebisha la kwanza mengi yanayofuata hupotea nalo.

Picha zisibaki kwenye seva. Zipakue, ziweke ndani ya kitabu. Za WebP, muundo wa picha wa mtandaoni, zigeuze kuwa JPEG au PNG, maana WebP imekubaliwa rasmi kwenye EPUB 3.3, ya mwaka 2023, na vifaa vya zamani vinaweza kushindwa kuionyesha. Mitindo nayo ipunguze. Usilazimishe rangi nyeusi kwa maandishi: msomaji akiwasha hali ya usiku atapata weusi juu ya weusi. Ukubwa uandikwe kwa em (kipimo kinachofuata ukubwa wa herufi) au asilimia, pikseli ziachie tovuti.

Kuhusu Kindle, kisomeo cha vitabu pepe cha Amazon, tunaulizwa kila wiki kama lazima kitabu kiwe MOBI, muundo wake wa zamani: hapana, huhitaji. Amazon hupokea EPUB na kujigeuzia wenyewe. Na kitabu kuwa wazi kwenye tovuti si ruhusa ya kukiuza. Kama si chako, tutakuomba kibali cha mwenye haki kabla ya kuanza.

Je, utuletee au ufanye mwenyewe? Kama ni riwaya ya maneno matupu, jaribu mwenyewe. Utaipata, na pesa zako zitabaki mfukoni. Tuletee chenye majedwali mapana, milinganyo ya hesabu, au tanbihi nyingi zinazotakiwa zimpeleke msomaji na kumrudisha alipokuwa. Hivyo ndivyo vinavyomaliza watu usiku. Ukija, usilete kiungo cha tovuti. Leta faili za HTML zenyewe, picha kwa ukubwa wake wa asili, picha ya jalada, na orodha ya sura kwa mpangilio unaoutaka. Majina ya faili yaache yalivyo, hata kama ni mabaya, kwa sababu viungo vyote vya ndani vinayategemea. Tutayabadilisha sisi, pamoja na viungo vyake.