Kliniki tunapima kilo, mengine anapima nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni tangu Januari tulivyoandikisha watoto wa darasa la awali. Mimi ni mwalimu, nafundisha hawa wa miaka mitano huku wilaya ya Chamwino, na kila mwaka ni yale yale. Analetwa mtoto ana begi jipya, kapakwa mafuta anang'aa, ukimwita hageuki. Mama anasema huyu mwalimu mkaidi tu, we mchape kidogo atanyooka. Unazunguka nyuma yake unapiga makofi, wapi. Mtoto hasikii. Kakaa nyumbani na bibi, na shangazi, na majirani wa pande zote, hakuna aliyesema jamani tumpeleke akapimwe masikio, ndo anafika kwangu mimi mwenye chaki na ubao niwe mtu wa kwanza kugundua.

Na sio kwamba huyu mtoto hajawahi kuonwa na mtaalamu. Ukiomba kadi ya kliniki unaletewa imejaa, kuanzia chanjo ya siku aliyozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, surua na rubela ya miezi 9, ile ya pili ya miezi 18, matone ya vitamini A, dawa za minyoo. Kina mama wa huku kwa kliniki siwezi kuwasema vibaya, wanatembea kutoka mbali na jua la Dodoma mnalijua. Sasa mara zote hizo mtoto kabebwa, kavuliwa nguo, kaning'inizwa kwenye mzani, kaandikwa kilo, kachomwa sindano, mama kaambiwa tarehe ya kurudi, basi. Hakuna aliyeuliza anageuka akiitwa? Anakaa mwenyewe? Anaonyesha kitu kwa kidole? Kilo zikipanda mstari unachorwa kwenda juu na kila mtu anafurahi, lakini mtoto anaweza kuwa mnene kabisa na hasikii, au mkono mmoja kaukunja ngumi muda wote na huo mwingine ndo unafanya kila kitu.

Hoja yangu ni moja tu. Miezi 9 na miezi 18 mtoto yupo pale kituoni tayari, kaja kwa surua. Hizo hizo ndo umri ambao hata madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kila mtoto apimwe hatua zake za ukuaji, wao wana miezi 9, 18 na 30, halafu usonji, ile hali ya mtoto kushindwa kuwasiliana na kuchangamana na watu, wanauliza miezi 18 na 24. Kwahiyo hatuhitaji siku mpya wala nauli nyingine, tunahitaji maswali machache na nesi aliyeelekezwa kuyauliza.

Maswali yenyewe sio ya chuo kikuu. Wa miezi miwili anatabasamu ukimchekea? Wa miezi minne shingo imekaza? Wa miezi 9 anakaa bila kushikiliwa, anabwabwaja ba-ba-ba, anageukia sauti? Wa mwaka na nusu anakuonyesha kitu kwa kidole, anaelewa ukimwambia lete kikombe, ana maneno yake mawili matatu hata kama ni ya kwao tu? Wa miaka miwili anaunganisha maneno, "mama maji", "baba kaja"? Na kuna swali moja ambalo kwangu ni la umri wowote: kuna kitu alikuwa anakijua na sasa hivi hakifanyi? Mtoto aliyekuwa anaongea akaacha, huyo sio wa kusubiri hata wiki.

Halafu macho. Mama akisema mboni ya mtoto ina weupe, au kwenye picha ya simu jicho moja linatoka jeupe, huyo apelekwe haraka sana. Inaweza kuwa mtoto wa jicho aliyezaliwa nao, na ubongo wa mtoto unajifunza kuona mapema, ukichelewa kumfanyia upasuaji jicho linakuwa safi lakini kuona vizuri hawezi tena. Inaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa mtoto anapona. Tuna shule ya wasioona pale Buigiri, inafanya kazi kubwa na naiheshimu, ila asiingie hata mtoto mmoja pale ambaye angeweza kuona kama angewahiwa.

Najua kitakachosemwa. Kitasemwa "atakuja tu". Hili neno Mhariri limeharibu watoto wengi. Atakuja tu kutembea, atakuja tu kuongea, hata baba yake alichelewa, wa kiume ndo walivyo. Na ubaya wake ni kwamba mara nyingi ni kweli! Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa nchi kadhaa likakuta wazima kabisa wanaanza kutembea wenyewe kuanzia miezi 8 mpaka karibu miezi 18, na wapo wachache ambao hawakutambaa kabisa, walikaa, wakasimama, wakaondoka. Kwahiyo mama mwenye mtoto wa miezi 13 ambaye hajatembea alale usingizi wake, jirani amwache. Ndo maana nataka apimwe na mtu anayejua mipaka, kwasababu kupima hakugundui tu wenye tatizo, kunawatuliza pia hawa wanaosumbuliwa na mawifi bure. Mwenye njiti ndo kabisa, huyo akizaliwa miezi miwili kabla, mpaka afike miaka miwili unamtolea ile miezi yake, akiwa na miezi 9 unamtegemea afanye ya miezi 7. Kina mama wengi hawajaambiwa hili wanalia usiku wakilinganisha na mtoto wa mwenzie.

Lakini kuna watoto ambao kwao "atakuja tu" ni hatari kabisa: aliyezaliwa akachelewa kulia, aliyepata manjano makali siku za mwanzo, aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria ikapanda kichwani. Hawa wanaruhusiwa hospitali, mama anaambiwa mshukuru Mungu mtoto kapona, na anashukuru kweli. Hakuna anayemwambia rudi baada ya miezi mitatu tuangalie shingo, rudi tuangalie masikio. Manjano makali na uti wa mgongo vinakula usikivu kimya kimya. Mtindio wa ubongo nao unaanza kujionyesha mapema, mwili unakaza, miguu inapishana kama mkasi, akilishwa anapaliwa kila mara, na mazoezi yakianza akiwa na miezi kadhaa sio sawa na yakianza ana miaka minne viungo vimeshajikunja. Mtoto ambaye hajafuatiliwa familia inatafuta maelezo kwingine, na mnajua kwingine ni wapi, ataambiwa karogwa, ataambiwa mama ndo kaleta mkosi kwenye ukoo, mwisho mtoto anafungiwa ndani wageni wakija.

Usonji nao tunaugundua darasani. Mtoto hakuangalii usoni, anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja siku nzima, ukihamisha kimoja kilio mpaka mtaa wa tatu. Siku hizi watu wanasingizia simu na katuni. Simu zimezidi nakubali, mtoto wa mwaka mmoja hana kazi nayo, ila kumnyang'anya simu halafu ukakaa kusubiri sio matibabu.

Mtu atasema haya mambo ya wazungu, vipimo vyao vina midoli na ngazi na mikasi ambayo mtoto wa Chemba hajawahi kuishika. Ni kweli, ukimpa kipimo cha namna hiyo atafeli na hana tatizo lolote. Ndo maana wenzetu Malawi walitengeneza cha kwao, wakakitoa 2010, vitu 136 vya kuangalia kwenye mafungu manne: kutembea na kukaa, kazi za vidole, lugha, na kuishi na watu, na vifaa vyake ni vya nyumba ya kawaida ya kijijini. Hicho ni kirefu, kinachukua nusu saa na zaidi, hakifai kwa foleni ya chanjo, lakini kwa mtoto aliyeonekana ana mashaka ndo kinafaa. Pale kwenye foleni ni yale maswali machache tu, na asiyepita hajahukumiwa kitu, anatakiwa kuangaliwa vizuri zaidi, wala sio jina la kumbandika.

Manesi wataniuliza muda tunautoa wapi, na hapo wana haki. Nimeona zahanati nesi mmoja anapima, anachanja, anajaza rejista, na huyo huyo anaitwa kuzalisha. Simlaumu. Lakini mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hawa vijana wanapita nyumba kwa nyumba, wapeni karatasi ya maswali wamuulize mama akiwa amekaa kwenye benchi. Benchi lile lina muda wa kutosha, aliyewahi kupeleka mtoto kliniki anajua.

Pili watauliza tukimgundua tunampeleka wapi. Hapa Dodoma mjini kuna hospitali ya mkoa, General, na kuna Benjamin Mkapa, sio kwamba hakuna pa kuanzia. Shida ni wa vijijini, nauli ya kwenda na kurudi kwa mazoezi kila wiki inamshinda mkulima wa alizeti. Lakini hata huyo kuna ya kumfundisha siku hiyo hiyo, jinsi ya kumkalisha mtoto akila asipaliwe, kucheza naye na kuongea naye kwa makusudi, kumnyoosha viungo kwa utaratibu. Na kama ni masikio yanayotoa usaha miezi yote, mara nyingi hilo linatibika, ila lisiachwe kwa mafuta ya kupikia tunayomiminia huko ndani, jamani acheni.

Mwaka 2021 mwezi Desemba serikali ilizindua hapa hapa Dodoma ile programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya 2021/22 hadi 2025/26, afya, lishe, malezi, kujifunza, ulinzi, vyote vimo. Ni kitu kizuri na sikipigi vita. Udumavu leo tunausemea kwa namba, utafiti wa 2022 umetuambia watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na tunausemea kwasababu kuna mtu alimlaza mtoto kwenye kibao akasoma urefu. Asiyesikia hana kibao chake, kwahiyo kwenye vikao vya bajeti ya halmashauri hatajwi.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya, Chamwino, Bahi, Kongwa na kwingine: hayo maswali yachapwe karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida, yabandikwe ukutani juu ya mzani, na kadi ya mtoto wa miezi 9 na 18 isigongwe muhuri kabla mama hajaulizwa. Na majibu yaandikwe kwenye kadi, ili akija kwangu na miaka mitano nijue nimkalishe dawati la mbele, au nisimkalishe kabisa mpaka arudi kwa daktari wa masikio.

Mwalimu wa darasa la awali,
Chamwino, Dodoma