Wito wa Harambee: Paa la Ukumbi wa Wapita Njia, Mumias

Mulembe wapendwa, wana wa Mumias mlio nyumbani, na mlio Nairobi, Nakuru, Mombasa na ng'ambo.

Barua hii imetoka baada ya mabishano marefu kwenye kamati. Wapo waliosema kwamba kuwarudia kwa ombi jingine kabla vumbi la harambee ya tangi la maji halijatulia ni kukosa haya. Haya tunayo. Lakini Mei inakuja na mvua zake, na mahujaji wanaotembea kwenda Namugongo, Uganda, hawatasimama Kakamega wakitungoja tupate ujasiri wa kuomba.

Mei iliyopita kundi lililotoka upande wa Nakuru lilifika kwetu giza limeshaingia. Mvua ikaanza watu wakila. Kufikia usiku wa manane ukumbi mzima ulikuwa umebaki na pembe moja kavu, ile ya karibu na stoo, na hapo tukawapanga akina mama wazee pamoja na msichana mmoja aliyekuwa na homa. Wengine walikaa chini ya turubai letu la kuanikia mahindi. Turubai ndani ya nyumba, jamani! Sufuria zilizopikiwa uji ndizo zilizokinga matone mpaka asubuhi. Mzee mmoja aliyechubuka nyayo zote mbili alifungwa bandeji huku kijana wa boda amemshikia mwavuli. Kulipokucha walisali, wakatushukuru mmoja mmoja, wakaondoka na blanketi zinazochuruzika. Wangelalamika ingekuwa nafuu.

Wenye umri mdogo na waliohama zamani huenda hawajui sherehe yetu ya njia ilivyoanza, kwa hiyo tuwakumbushe, maana hadithi yenyewe inatusuta. Hakuna kiongozi aliyekata utepe. Ilikuwa mvua kama hiyohiyo, miaka ambayo paa letu bado lilikuwa zima. Kundi la mahujaji lilikuwa lipumzike saa chache tu, mvua ikawazuia siku nzima. Mama mwenye kibanda cha chai akaleta uji wa wimbi bila kuombwa. Nyuma ya msikiti kulikuwa na arusi, na jioni likaja sinia la pilau limefunikwa kwa kanga, likifuatwa na jingine. Vijana wakatoa ngoma za isukuti. Mzee wa mtaa alipoona wageni hawana usingizi akaanza kuwasimulia habari za njia waliyokuwa wakiikanyaga. Mwaka uliofuata kundi lile lilirudi na jirani zao, wakasema wamepanga kulala Mumias makusudi. Ndiyo sherehe hiyo. Mengine yote, mashindano ya kukimbia, maonyesho ya kuku na hotuba ndefu (ndefu mno, tumeshasema), yaliongezwa baadaye.

Alichosimulia mzee ni haki ya kila mtoto wetu kukijua. Misafara kutoka pwani ilipita hapa ikielekea Buganda, wapagazi, wanyampara na wafanyabiashara Waswahili, na Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliwapa kituo na chakula. Baadhi walibaki, na Uislamu wa mji huu ulianzia kwao. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alifika mwaka 1883. Mwaka 1885 akaja Askofu James Hannington. Sehemu kubwa ya msafara wake aliiacha hapa chini ya mchungaji Mwafrika, William Jones, yeye akaendelea na watu 50. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Jones alingoja hapa, akangoja, mwisho akawarudisha watu wake pwani kwa miguu. Miezi michache baadaye, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliokataa kuikana imani, Wakatoliki kwa Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Kwa hiyo mahujaji wetu hawapiti hapa kwa bahati. Wanafuata mkondo wa njia iliyotangulia hata reli.

Reli ndiyo iliyotunyang'anya wageni. Ilifika Kisumu Desemba 1901, mizigo ikavuka ziwa kwa meli, na misafara ikakoma. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Siku hizi hata pesa za miwa tunazisikia kwa jina tu. Kitu kimoja ambacho hakikuhamishwa ni mtu kutembea kwa miguu yake akafika mlangoni petu akiwa amechoka.

Sasa sikieni la kututia wivu. Kijana wetu mmoja aliye Marekani alituandikia habari za mji wa Damascus, jimbo la Virginia. Wakazi wake hawafiki 1,000. Soko letu siku ya kawaida lina watu kuwazidi. Njia ya miguu iitwayo Appalachian, yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi kutoka Georgia hadi Maine, inapita kwenye barabara kuu ya mji huo. Wazo la njia hiyo lilitolewa na Benton MacKaye mwaka 1921, ikakamilika mwaka 1937, sehemu kubwa kwa jasho la watu wa kujitolea. Ilipotimiza miaka 50, mwaka 1987, Damascus ikaifanyia sherehe. Wakachagua Mei, kwa sababu aliyeanza kutembea Georgia majira ya kuchipua huwa anafika hapo wakati huo, akiwa na kilomita 750 hivi miguuni. Leo sherehe hiyo huvuta watu kwa maelfu. Watembeaji huandamana mjini na wenyeji huwarushia maji kwa bastola za kuchezea. Sisi wageni wetu tunawarushia maji pia, ila kupitia darini na bila kukusudia.

Jambo lililotugusa zaidi ni kwamba kanisa la Methodisti la mji ule limekuwa na nyumba ya kulaza watembeaji tangu miaka ya 1970. Wageni walipata pa kulala kwanza, shangwe ikafuata. Na Septemba 2024 mafuriko ya kimbunga Helene yaliuharibu mji vibaya, lakini Mei 2025 sherehe ikafanyika. Kule pia bibi wa miaka 67, Emma Gatewood, aliwahi kuitembea njia yote peke yake mwaka 1955, akijikinga mvua kwa pazia la bafu. Bibi zetu wanakuja na mifuko ya nailoni kichwani. Tofauti ni kwamba hawa wakifika kwetu, ndani hawaivui.

Kijana huyo hakutuma hadithi tupu. Alitanguliza 20,000, nasi tukaona aibu kukaa kimya.

Hesabu ni hii. Mchwa wamekula mbao, kwa hiyo kubadilisha mabati peke yake ni kudanganyana. Mabati 96 kwa 1,150 kila moja ni 110,400. Mbao za paa 84,000. Misumari na mifereji ya kukusanya maji yaende kwenye lile tangi mlilotupa, 31,600. Ufundi 60,000, baada ya fundi kupunguza kwa sababu mama yake naye ni hujaji. Jumla ni shilingi 286,000. Mkononi tuna 71,500. Bado 214,500. Kila atakayetoa atapewa risiti, hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mhazini atasoma jina kwa jina siku ya mkutano kama alivyofanya kwa tangi. Waliotaka kuona risiti za tangi walioneshwa, hata yule aliyechangia mia mbili na kuuliza maswali ya elfu kumi.

Tangi lenyewe linafanya kazi, na choo cha akina mama mlichotujengea kabla yake kimesimama. Hatujasahau. Ila tuseme ukweli kidogo: wengi wenu mliweka picha za sherehe iliyopita kwenye simu zenu, mkila kuku, na mkaandika kwamba mnajivunia kwenu. Tuliwahesabu waliokula, tukaangalia na kadi za michango. Majina hayalingani.

Waraka kwa Waebrania unasema, "Msisahau kuwafadhili wageni, maana kwa njia hii wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua." Na ndugu zetu wa msikitini wametukumbusha kwamba katika Sura ya At-Tawba msafiri ametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka. Wao wameshachukua kadi zao na zimeanza kurudi zikiwa zimejaa. Upande wa kanisa tunaomba tusitanguliwe na majirani katika jambo la mahujaji wetu wenyewe.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Aprili, hapohapo ukumbini, baada ya misa ya pili. Kadi ziko kwa katekista, kwa imamu na kwa mama wa kibanda cha chai, na namba ya kutuma pesa kwa simu imepigwa chapa nyuma ya kila kadi. Asiye na pesa alete bati moja, au mti uliokauka shambani kwake wa kupasuliwa mbao, au mikono yake Jumatatu inayofuata, saa moja asubuhi, tunapoanza kubomoa. Mvua ikinyesha siku ya harambee tutaketi upande wa stoo. Njooni mapema, nafasi ya pale haitoshi watu wote.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya ukumbi